Hali ya Wapinzani, Kila Alhamisi

Kila Alhamisi jioni, hata sijavua viatu vya kazi, simu ilikuwa inaingiza ujumbe ule ule: "Madam, lete hali." Si hali yangu waliyoitaka. Hali yangu hakuna aliyeiuliza, na mimi nina mgongo unaouma. Walitaka hali ya wapinzani.

Timu yetu ilikuwa ya chuo cha ualimu. Chuo chenyewe kiko Kenya, upande wa magharibi, juu ya kilima chenye matope. Timu ilikuwa Doha, Qatar. Karibu sote tulikuwa na vyeti vya kufundisha shule ya msingi na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anafundisha mtu. Nahodha alikuwa anauza simu. Beki wa kulia alikuwa dereva wa familia moja, na watoto wa familia hiyo ndio waliomfundisha yeye. Mimi nilikuwa napokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno Al Sadd, na kwa kuwa nilishinda kwenye simu kutwa nzima nikiwauliza watu jino linaendeleaje, timu iliamua kwamba mimi ndiye niulize na timu nyingine zinaendeleaje.

Ijumaa asubuhi tulicheza kwenye uwanja wa kukodi nje ya mji. Wapinzani walikuwa watu wa vyuo vingine vya nyumbani, Afrika Mashariki: wauguzi, Waganda wa chuo cha hoteli, watu wa uhasibu, na Ufundi. Kila timu ilikuwa na jezi, wimbo na watu wawili watatu ambao hawakusoma chuo hicho hata siku moja ila wanajua kupiga mpira. Hilo hatukulichunguza, maana nasi tulikuwa nao.

Katika timu ya walimu, jina la Mwalimu tulimwachia mtu mmoja. Huyu alitufundisha kweli, michezo, huko kilimani, kabla chuo hakijapunguza watu na kuanza naye. Alipokuja Qatar alikuwa na umri ambao mawakala wa ajira huukataa. Sijui alipitaje na sikuuliza. Alikuwa mlinzi West Bay, kwenye minara ya ofisi, na siku yake ya mapumziko aliimaliza amesimama pembeni mwa uwanja, mikono nyuma, akitutazama kama vile tumeandika insha mbaya.

Yeye ndiye aliyeanzisha haya mambo ya hali. Timu nyingine huuliza habari za mpinzani anayekuja, basi. Mwalimu alitaka na wale waliokwisha kupita. "Tuliowafunga wanaendeleaje?" aliniuliza. Nikamwambia, Mwalimu, tuliowafunga tumeshawafunga, watuhusu nini tena? Akasema anataka kujua tulimfunga nani.

Basi nikawa nachimba. Wauguzi tuliwafunga matatu kwa moja, tukashangilia mpaka sauti zikakauka. Wiki iliyofuata nikaleta hali: wamefungwa na Waganda. Wiki nyingine: wamefungwa na uhasibu, ambao walikuwa hawajamfunga mtu. Ninalala chumba kimoja na muuguzi, mtaa wa Al Mansoura, kitanda chake dirishani na changu mlangoni, nikamhoji tukila chapati. Akanitolea ukweli: siku ile karibu nusu ya timu yao ilitoka zamu moja kwa moja ikaja uwanjani, haijalala.

Nikamfikishia Mwalimu. "Kumbe tuliwafunga watu wanaosinzia," akasema. Ushindi wetu ukaingia nyongo. Nahodha alinipigia kunilaumu kwamba nimeleta hali mbaya, kana kwamba mimi ndiye niliyewapangia wauguzi zamu.

Waganda ilikuwa kinyume. Wao walitufunga sisi, mawili bila, kisha hoteli zikajaa wageni wa mikutano na mapumziko yakafutwa. Wakaanza kuja wanane, mara saba, wakipigwa na kila anayepita. Hilo lilituuma zaidi. Kumbe tulifungwa na timu inayofungwa na kila mtu. Mwishowe niligundua kwamba huku ligi si ya mpira, ni ya ratiba za kazi. Anayeshinda ni yule ambaye bosi wake amekuwa na roho nzuri wiki hiyo.

Lakini Ufundi walikuwa kitu kingine.

Chuo cha ufundi kiko huko huko kwetu, kimetenganishwa na chetu na barabara moja ya murram. Kila mwaka vyuo viwili vilicheza, na kila mwaka ambao Mwalimu alikuwa kocha wetu, Ufundi walitufunga. Walitufunga jua likiwaka, walitufunga mvua ikinyesha. Mwaka wangu walitufunga kwa bao la golikipa wao, alilopiga kutoka golini kwake, na upepo ukamsaidia. Wale wasichana wa Ufundi walituimbia hadi tunaingia bwenini. Aki, mpaka leo nikiusikia ule wimbo natamani kumtupia mtu kiatu.

Ratiba ya hapa ikatupa Ufundi Ijumaa moja, na Jumamosi yake Mwalimu alikuwa anapanda ndege. Mkataba wake ulikuwa unakwisha na kampuni haikutaka kuongeza. Hakuwa anaenda likizo, alikuwa anarudi kabisa. Alikuja klinikini Jumatatu ile, akakaa kwenye viti vya wagonjwa kama mtu mwenye jino, akangoja nimalize simu zangu.

"Madam," akasema, "nyumba yangu iko nyuma ya chuo chao. Kwenda sokoni napita langoni kwao. Kwenda kanisani napita langoni kwao. Nitapita hapo mpaka wanizike. Nataka kuwafunga mara moja tu kabla sijarudi."

Hakutabasamu. Nami sikutabasamu. Nilimwambia tutawafunga, halafu nikaingia msalani nikafuta macho, maana kuna daktari mmoja pale hapendi mapokezi yenye huzuni.

Alhamisi nikatoa hali, na hali ilikuwa tamu kupita kiasi. Ufundi walikuwa hoi. Wengine walikuwa likizo nyumbani, mmoja mguu umevimba, na kubwa zaidi, golikipa wao alikuwa zamu Ijumaa asubuhi. Bila yule golikipa hawana timu. Nahodha wao mwenyewe aliniambia kwamba, kuliko kuja kuaibika, watatuachia pointi tatu.

Kundi letu la WhatsApp lilipasuka kwa vifijo. Nahodha akatuma picha za makombe. Mtu mmoja akauliza kama sasa Ijumaa tunaweza kulala. Kisha Mwalimu akaandika: "Ushindi wa mezani siutaki." Vifijo vikafa palepale.

Nilimpigia. Nilikuwa nimekasirika, nasema wazi. "Mwalimu, wewe ni mtu wa namna gani? Umewangoja hawa maisha yako yote, leo Mungu amewaleta wamefungwa mikono, unataka wafunguliwe?"

"Nitawaambia nini langoni?" akasema. "Kwamba hawakuja?"

Nikamwambia ana kichwa kigumu. Akakubali.

Usiku huohuo sisi, timu ya walimu, tukaanza kuwatafutia wapinzani wetu golikipa. Yule golikipa alikuwa mlinzi wa kampuni moja na Mwalimu, kwenye mnara mwingine West Bay, na angeweza kutoka tu kama mtu wa kampuni hiyohiyo angemshikia zamu. Kwenye timu yetu kulikuwa na mtu mmoja tu wa kampuni hiyo ukimwondoa Mwalimu: winga wetu wa kushoto, mfungaji wetu, na kwa kweli mfungaji wetu wa pekee. Tangu mada ilipoingia kundini hakuandika neno. Nadhani alizima simu akaiweka chini ya mto.

"Huyo msimguse," Mwalimu akasema. "Huyo ndiye atafunga."

"Basi khalas, Mwalimu. Hakuna mtu."

"Haya, Madam," akasema, akakata. Nikajua amekubali pointi tatu.

Ijumaa tulifika uwanjani kwa ajili ya kupiga picha tu. Tukakuta gari la Ufundi. Wakashuka mmoja mmoja, kumi na mmoja, na wa mwisho alikuwa golikipa wao, jitu refu lenye glavu mpya. Nikaangaza macho pembeni mwa uwanja, mahali Mwalimu anaposimama. Hapakuwa na mtu.

"Zamu yako umemwachia nani?" nikamuuliza golikipa, ingawa nilishaanza kuelewa.

"Mzee wenu," akasema. "Amekuja asubuhi na sare imepigwa pasi. Ameshaongea na msimamizi. Ameniambia nije nicheze, na nikifungwa makusudi atajua."

Nahodha wetu alisema maneno ambayo chuoni yangemfukuzisha. Nilikaa kwenye kreti la maji, nikamchukia yule golikipa kwa moyo wangu wote.

Na yeye hakunisaidia kumpenda. Alidaka kila kitu. Winga wetu alipiga karibu, alipiga mbali, alipiga kichwa. Jitu linaruka, linashika, linaamka na kupiga vumbi magotini. Mtu ameshikiwa zamu na mzee wetu, mzee amesimama kwenye miguu mibovu ili yeye aje acheze, na shukrani yake ni hii? Kipindi cha pili uvumilivu ulinishinda. Nikageuka nyuma, nikaanza kumrekodia Mwalimu ujumbe wa sauti, ausikie akitoka kazini, nikamweleza kwa kirefu kwamba huyu mtu wake anatuua. Nilikuwa katikati ya kumweleza niliposikia kelele. Nilipogeuka, mpira ulikuwa wavuni na winga alikuwa chini ya rundo la walimu.

Hilo ndilo lilikuwa bao la pekee. Refa alipopuliza filimbi ya mwisho, watu wazima walilia, na mimi ni mmoja wao.

Golikipa alitakiwa kurudi zamu yake. Nikaingia naye kwenye teksi, maana Mwalimu akiwa kazini hagusi simu, na mimi sikutaka asikie kwa mtu mwingine. Njia nzima jitu lilikaa na glavu magotini. Tulipokaribia West Bay likasema, "Madam, utamwambia wewe?"

"Nitamwambia mimi," nikasema.

Ijumaa mnara ule hauna watu. Mwalimu alikuwa amesimama ndani ya milango ya vioo, tai imenyooka, kamera juu ya kichwa chake. Alituona tukija na hakutikisika. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, nikayasahau yote.

"Moja bila," nikasema. "Tumewafunga, Mwalimu."

Akamtazama golikipa. Golikipa akaitikia kwa kichwa.

"Mlikuwa kumi na mmoja?"

"Kumi na mmoja, Mzee."

"Miaka yote ile nilikuwapo tukifungwa," Mwalimu akasema. "Hili moja sikuliona." Akanigeukia mimi. "Liliingiaje, Madam?"

Nikafungua mdomo. Mimi, mleta hali wa kila wiki, nikaufunga tena. "Nilikuwa nimegeuka nyuma," nikamwambia, na machozi yakanitoka palepale.

Kisha golikipa akaweka begi chini. Akaenda akasimama katikati ya zile nguzo mbili za mapokezi, akapanua mikono, akainama kidogo.

"Mimi nilikuwa hapa," akasema. "Kijana wenu akatokea hivi, kushoto. Nikajua ataupiga chini. Akauinua."

Na pale pale, kwenye marumaru, jitu lile likaruka upande wa kulia kwa urefu wake wote, likaanguka kishindo, likabaki limelala, mkono umenyooshwa kuonyesha mpira ulipopita.

Mwalimu alitazama pale juu, kwenye pembe ya nguzo, kwa muda mrefu. Kisha, chini ya kamera, akainua mikono yote miwili.