Kambale kwenye meza ya Wasabato

Mpaka leo nikipita Kiseke nashusha kofia mpaka machoni. Kisa chenyewe bora niwasimulie mimi, maana mwingine atakiongezea chumvi, na chumvi tayari imejaa.

Dada yangu Neema (ndiye aliyenilea tangu mama atutoke, ukimgusa yeye umenigusa mimi) ameolewa pale, kwa Wasabato waliotokea Musoma. Ikafika wakati anachoka hovyo, miguu inamfa ganzi, akaenda kupima damu, akaambiwa daktari atamweleza majibu Jumatatu. Jumamosi asubuhi akaipiga picha ile karatasi akanitumia: "Mdogo wangu, wewe unayesomasoma, hii nini?"

Ningejibu sijui, yangeishia hapo. Nikajibu, "Subiri."

Jamani ile karatasi! Namba, herufi, vimshale, vingine vinatazama juu, vingine chini, vitamini D iko sawa, seli za damu eti ni kubwa kuliko kawaida (nikawaza, kubwa si ndiyo vizuri?), halafu B12, mshale chini. Nikaingia kwenye simu, nikakuta B12 inatoka kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Sasa mtu anaishi kando ya ziwa, samaki anamkosaje? Nikakumbuka Wasabato wengine hawali nyama, basi hasira zikapanda, nikajihakikishia kabisa kwamba dada yangu wanamnyima.

Mbio mpaka mwaloni, wanakoshusha samaki, nikanunua kambale mmoja mrefu kama mkono wangu, nikapanda bodaboda. Nafika, wametoka kanisani, uani wageni tele wanakula. Shikamoo sikutoa. Nikambwaga kambale mezani, pwaa! mbele ya mama mkwe wa dada.

"Dada yangu anakwisha humu kwa kunyimwa samaki! Haya, mpikieni huyu!"

Yule mama akamtazama kambale, akanitazama mimi.

"Kijana, kwanza salamu. Pili, huyu wako hana magamba, sisi hatumli. Wenye magamba ndio hawa."

Kutazama hivi, sinia zima la sato wa kukaanga, mayai, mtindi, na dada yangu mwenyewe ameshika kichwa cha sato, mdomo wazi.

"Huyu ndiye yule msomi wenu?" mzee mmoja akauliza.

"Shija," dada akasema taratibu, "unataka nirudishwe nyumbani?"

Shemeji akainuka akaingia ndani. Mimi nimechanganyikiwa kabisa: samaki anakula, B12 iko chini, sasa inaenda wapi? Mgeni mmoja, mama muuguzi, akaiomba karatasi, akasoma, akamuuliza dada, "Kuna dawa unayotumia kila siku?"

"Za tumbo tu, za kupunguza asidi. Huu mwaka wa pili."

"Nani alikuandikia?"

Dada akaniangalia. Uani wote ukaniangalia. (Alilalamikia kiungulia mara moja, nikasoma kwenye simu, nikaamua ni vidonda vya tumbo, tangu hapo kila mwezi nazinunua duka la dawa Igoma namletea, kwa mapenzi!)

Muuguzi akasema dawa hizo zikitumika muda mrefu zinaweza kuufanya mwili ushindwe kuichukua B12, hata ule samaki mtumbwi mzima, ila sababu nyingine pia zipo, kwa hiyo asiziache kienyeji, akamweleze daktari.

Nikapiga magoti. "Shikamoo, mama. Nisamehe. Dada hana kosa."

"Marahaba. Kosa lako halimhusu mke wa mwanangu. Mtoe mnyama wako, unawe, ule."

Sato yule alikuwa mtamu, nami nilimla macho yote kwenye sahani.

Jumatatu nikamsindikiza dada, daktari akampangia sindano za B12, dawa za tumbo akazibadilisha. Ganzi inapungua. Shemeji alininunia wiki tatu. Na mimi nimeapa: nitapigana na yeyote kwa ajili ya Neema, lakini akiumwa, kazi yangu ni kumfikisha kwa daktari na kukaa kwenye benchi nimefunga mdomo.