Naongoza Kamati ya Kukagua Vyeti, na Changu Hakipo

Admin, tafadhali ficha jina langu na usiulize kampuni ni gani. Nakuru tunajuana.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka arobaini na moja, naishi Kiamunyi. Kwa miaka kumi na mitatu nimekuwa meneja wa fedha katika kampuni ya kutengeneza chakula cha mifugo. Kazini wananiita Mama Risiti, wakidhani sijui. Mtu akinunua hata maziwa ya chai bila risiti simrudishii pesa yake, awe dereva au mkurugenzi. Mkurugenzi mwenyewe nimemrudishia fomu ya mafuta mara mbili. Kila mwisho wa mwezi navaa gambuti naenda stoo kuhesabu magunia kwa mkono wangu, kwa sababu siamini karatasi mpaka nione kitu chenyewe. Sasa sikieni huyo mwaminifu ni nani.

Baba yangu ni mkulima upande wa Molo. Aliuza ng'ombe wawili ndio nisomee uhasibu. Nilipofanya mtihani wa mwisho wa CPA, ule wa kuwa mhasibu kamili, hakungoja matokeo. Kaka yangu alikuwa karibu kurudi kazini ng'ambo, na baba akataka sherehe ifanyike akiwepo. Kondoo wakachinjwa, hema likakodiwa, pasta akaniombea. Baba akashika kipaza sauti akasema, "Kuanzia leo huyu msimuite jina tu. Muanze na CPA." Mnajua vile kwetu cheo hicho hutangulia jina kama udaktari. Mpaka kwa kadi za harusi wananiandika hivyo.

Matokeo yalitoka wiki tano baadaye. Nilikuwa nimefeli karatasi moja. Moja tu! Nilishika simu nimpigie baba, nikashindwa. Nikajiambia nitarudia kimyakimya, hakuna atakayejua. Kisha nikapata mimba, kisha kazi hii ikatokea, na katika barua ya maombi nikaandika kwamba nimehitimu. Mwenye kampuni wa wakati huo alimuuliza pasta wetu kunihusu, pasta akamwambia alikula nyama kwenye sherehe yangu. Ikaisha hapo. Kwenye faili wakaandika "cheti kitaletwa", na hakuna mtu amewahi kukidai. Kila mwaka nilisema mwaka huu nitaifanya hiyo karatasi. Lakini nikaona aibu kuketi chumba cha mtihani na vijana ninaowafundisha kazi. Kilikuwa kiburi, wacha niseme ukweli angalau hapa.

Mwaka huu kampuni imenunuliwa na watu wapya. Wameagiza vyeti vya kila mfanyakazi vikaguliwe, na atakayepatikana amedanganya aende nyumbani bila kiinua mgongo. Mkurugenzi akaniita.

"Madam, wewe ndio utachair hii kamati. Hapa hakuna mtu anaweza kukunyoshea kidole."

Nikamuuliza, "Na vyangu ataangalia nani?"

Akacheka. "Zako leta tu siku moja tuweke kwa file. Hiyo ni formality."

Nilipaswa kusema pale pale. Nilisema, "Sawa, sir."

Wa kwanza kupatikana ni mtu wetu wa stoo, nimwite Symo. Ana miaka hamsini na mbili. Cheti cha kidato cha nne alicholeta kilikuwa cha marehemu kaka yake, jina likabadilishwa. Alikuja ofisini kwangu, akavua kofia, nikamwambia aketi akakataa.

"Madam, ni ukweli, hiyo karatasi si yangu. Mimi shule niliachia class eight juu ya fees. Lakini hii miaka yote, ushawahi kuja kuhesabu ukapata hata gunia moja imepotea?"

"Hapana, Symo. Hata moja."

"Basi amua tu. Afadhali ni wewe. Ukisema nimekosa nitajua nimekosa, juu wewe hupendelei mtu."

Alipotoka nililia hadi karani akabisha mlango. Nikamwambia ni vumbi la unga.

Jumamosi nilimweleza mume wangu kila kitu. Yeye ni mwalimu. Akaniuliza, "Hata mimi ulinificha?" Baadaye akasema, "Nyamaza, mama. Loan ya hii nyumba ni mshahara wako. Na hata ukijisema, Symo bado atafutwa." Kinachoniuma ni kwamba hajakosea. Nikimtetea Symo mbele ya kamati, siku yangu ikifika watasema nilikuwa najitengenezea njia. Nikikataa kuongoza kamati wataniuliza kwa nini, na mimi sijui kudanganya ana kwa ana, nilidanganya kwa karatasi tu. Kusema ukweli kunaweza kunipeleka kortini. Na baba ana miaka sabini na nane, presha inamsumbua, na bado akipiga simu anaanza na hicho cheo. Nimejifungia ndani na ufunguo ni mimi niliutupa.

Barua ya kumfuta Symo imeshachapishwa, inangoja sahihi yangu Jumatatu saa nne. Ana binti wa mwisho chuoni. Nikiitia sahihi, nitakuwa nimemfukuza mtu kwa kosa lile lile linalonipa mimi mwenyewe mshahara kila mwezi, tena mshahara mara sita ya wake.

Ndugu zangu, nitukaneni mkitaka, lakini mkimaliza kunitukana mniambie. Jumatatu niingie kwa mkurugenzi na barua ya Symo, au na yangu?