Abiria wa Barabara ya Kibugu

Sikuambii haya ili uogope. Mimi mwenyewe siogopi, na hapo ndipo shida yangu ilipo. Nakuambia kwa sababu yalinipata mimi, mchana, nikiwa na akili zangu timamu na bila tone la pombe kinywani. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka, bado yatakuwa yalitokea.

Mimi ni mtu wa ofisi hapa Embu. Naishi mtaa wa Majimbo na mke wangu Kawira, mzaliwa wa Muthara kule Meru, na watoto wetu wawili. Wawira ndiye mkubwa, anasoma shule ya msingi. Mdogo ni Munene, ambaye wakati huo alikuwa anajifunza kutembea kwa kushika viti.

Mimi na Njeru, mwenzangu wa kazini, tulikuwa tumeingiwa na wazimu mmoja: kwenda Ethiopia kwa pikipiki. Tupite Meru, Isiolo, Marsabit, tuvuke mpaka pale Moyale, tuendelee hadi tuone maziwa makubwa ya huko. Kila jioni ramani ilikuwa mezani kwangu. Tulibishana kuhusu petroli na tyubu za akiba. Tulihangaika na karatasi za forodha za kuvusha pikipiki. Njeru alikuwa na wasiwasi kwamba huko watu huendesha upande wa kulia, na alikuwa akizunguka uwanja wa kanisa upande huo ili azoee, watoto wakimcheka.

Kawira alituwekea chai na kututania. "Mkikwama jangwani msinipigie simu, Baba Wawira," alisema. "Mtanipata nimeshaolewa tena."

Nilimpenda sana mwanamke huyo. Nakumbuka kwamba nilimpenda, vile mtu anavyokumbuka namba ya nyumba aliyohama.

Jumamosi moja kabla ya safari nilifunga mizigo yote, hema, jiko dogo na vifaa vya kutengenezea, nikapanda kwenda Kibugu kwa mama yangu. Nilitaka kuona kama pikipiki itavumilia mlima ikiwa na uzito. Pia nilitaka kumuaga. Ilikuwa alasiri, lakini ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni hadi kwenye mashamba ya majani chai, nikalazimika kuwasha taa.

Taa ndiyo iliyomwonyesha. Alikuwa mama mzee, amevaa sweta kuukuu ya shule, na kiondo mgongoni, mkanda wake ukiwa umepita kichwani. Kiondo kilikuwa kitupu, kimelala bapa. Alikuwa peku. Barabara yote ilikuwa matope, niamini, lakini nyayo zake zilikuwa safi kama za mtu aliyetoka kitandani.

"Kijana, wewe ni boda?" aliniuliza kwa Kiembu.

"Hapana, shosho. Lakini panda nikusogeze."

Alipanda nyuma. Springi hazikushuka hata kidogo. Niligeuka nione kama kweli amepanda. Alikuwa ameketi, amenishika mabega, na sikuhisi mikono yake.

Ungefanya nini wewe? Ungemwambia mzee ashuke kwenye baridi eti kwa sababu ni mwepesi? Nilitia gia tukaenda.

"Mizigo hii yote ni ya wapi?" aliuliza.

Nikamwambia habari ya safari yetu, nikijisifu kidogo.

"Mbali hivyo? Na nyumbani unamwacha nani?"

"Namwacha mke wangu, Kawira."

Pikipiki ilishuka. Nilidhani tumeingia shimoni. Lakini tulitoka hapo na haikuinuka, na injini ikaanza kuvuta kwa shida. Nikarudisha gia.

"Na nani mwingine?"

"Mama yangu. Igoki, wa hapa Kibugu." Alikuwa wa rika la mama, nilitegemea atasema anamjua. Pikipiki ilishuka tena, nikasikia tairi la nyuma likisugua chuma.

"Na nani mwingine?"

Najua unachotaka kuniuliza. Mbona sikunyamaza? Nami nimejiuliza. Aliuliza kwa upole tu, kama mtu anayekusaidia kushusha mzigo, na kila nilipotaja jina kifua changu kilikuwa chepesi. Sikujua kwamba nilikuwa nakosa kitu. Nilihisi kama napumzika.

"Wawira," nikasema. "Binti yangu."

Tukawa tunatambaa. Gia ya kwanza, mafuta yote, na bado mtu wa miguu angetupita.

"Na nani mwingine?"

Nilifungua mdomo kumtaja Munene. Kabla jina halijatoka, injini ikazima.

Tulikuwa mahali njia ndogo inapoingia msituni. Mzee alishuka, na springi zikaruka juu kwa nguvu hadi nikayumba. Kiondo chake sasa kilikuwa kimejaa, kimevimba pande zote, mkanda umekaza kwenye paji la uso. Aliinama chini ya uzito wake.

"Asante, kijana. Nenda salama," alisema. "Sasa hakuna cha kukuvuta nyuma."

Akaingia msituni polepole, kama mtu aliyebeba kuni mbichi. Nilipiga kiki, pikipiki ikawaka mara moja.

Mama alisikia mlio akatoka mlangoni akifuta mikono. Nilimsalimu. Alisogea karibu, akanitazama usoni.

"Ni wewe?" akauliza.

"Ni mimi, mama."

"Sauti ni yako," alisema. Alinipa uji, nikanywa. Nilipoondoka alilia. Nilimwona akilia, nikafunga kofia yangu ya pikipiki.

Safari tulienda. Mbona nisiende? Marsabit ilikuwa na upepo wa kuangusha mtu, Moyale ilikuwa na foleni. Tulipovuka mpaka, Njeru alisimamisha pikipiki kando ya barabara akampigia mkewe, akaanza kulia katikati ya salamu. Nami nikapiga. Kawira alisema, "Mmefika? Mungu asifiwe!" Nilisikia ni Kawira. Nikamwambia hali ya barabara, nikakata. Kisha nikasikia mtoto wa mtu akilia kwenye duka jirani, nikamkumbuka Munene hadi nikaketi chini. Munene peke yake. Hapo ndipo nilipojua nini kimebebwa.

Nimerudi Kibugu mara nyingi. Nimemsubiri pale njia ndogo inapoingia msituni, kwenye ukungu, pikipiki ikiunguruma. Hakuna mtu wa huko anayemfahamu. Pasta ametuombea, Kawira akiwa amenishika mkono. Alimwambia Pasta, "Hanipigi, halewi, analeta kila kitu nyumbani. Lakini ananitazama kama karani wa benki." Nilikubali, kwa sababu ni kweli.

Juzi Wawira alivunjika mkono shuleni. Nilimpeleka hospitalini, nikakaa naye hadi plasta ikakauka, nikamshika mkono ule mzima, kwa sababu nilijua baba hufanya hivyo.

"Baba," aliniambia taratibu, "si lazima unishike."

Nikauachilia.

Kwa hiyo wewe unayesafiri, sikiliza. Ukimkuta mtu kwenye baridi, mbebe. Mzungumzie mvua, mzungumzie bei ya majani chai. Lakini akikuuliza umewaacha nani nyumbani, funga mdomo. Na kama umeshataja hata jina moja, tupa pikipiki hapo hapo, umfuate ndani ya msitu kabla hajafika anakokwenda. Siku yangu mimi kulikuwa bado na mwanga, na alikuwa akitembea polepole, na ningemfikia.