Mama Dira na Darubini ya Mzee Nukta

Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mama Dira. Chumba chake cha mbele, ambacho wengine wangekiwekea makochi, kilijaa dira kuukuu, minyororo ya kupimia mashamba na timazi za shaba. Binti yake alipokuja kumsalimu, ilimbidi apite kiubavuubavu.

"Mama, wenzako wanafuga kuku, wewe unafuga vyuma!"

"Vyuma havinyi ndani, mwanangu," alijibu, akiendelea kupangusa.

Yote yalianzia ofisi ya upimaji ardhi, alikochora ramani kwa miaka ishirini na tisa. Wapimaji walirudi kutoka porini, viatu vimeganda tope, wakamwachia mezani madaftari ya tarakimu. Yeye akazigeuza kuwa mito, barabara na mipaka. Alijua pembe za kila kilima, ila hakuwahi kukipanda hata kimoja. Siku zile mwanamke alikaa kwenye meza ya kuchorea, basi. Vilipokuja vifaa vipya vya satelaiti, vile vya zamani vilitupwa uani vikanyeshewa. Roho ilimuuma. Akaomba ruhusa, akaondoka na dira moja mkobani. Kesho yake, mbili. Alipostaafu, akawa anavifuata kwa mafundi vyuma na kwa wajane wa wapimaji.

Asubuhi moja mwaka jana, alibisha hodi mzee mwenye fimbo. Alikuwa mpimaji aliyeogopwa kuliko wote ofisini, waliyemwita Mzee Nukta kwa kuwa hakusamehe kosa hata la nukta moja.

"Nasikia darubini yangu ya kupimia pembe iko kwako."

Mama Dira akampa. Mzee akaipapasa taratibu, kidole kikasimama penye kovu. "Hapa iligonga jiwe, siku nilipoteleza mtoni. Nililia kama mtoto."

Wakaitoa nje. Mzee akaisimamisha kwenye miguu yake mitatu kwa kupapasa tu, mikono haijasahau kitu. Kisha akaielekeza kwenye kilima cha ng'ambo, akainama, jicho kwenye kioo. Akakaa hivyo muda mrefu.

"Ukungu mtupu," alisema. "Huyu mtoto wa jicho kaniweza. Hebu angalia wewe."

"Mimi?"

"Kwani kuna nani mwingine hapa?"

Mama Dira akainama, akashtuka. "Mbona kilima kimepinduka?"

Mzee Nukta akacheka mpaka akashika ukuta. "Ndivyo zilivyo hizi za zamani! Sisi tuliiona nchi hii kichwa chini miguu juu maisha yetu yote. Wewe ndiye uliyetuchorea ikakaa sawa."

Machozi ya Mama Dira yalikuwa yamelowesha kioo, ikabidi akifute kwa ncha ya khanga.

"Haya, soma pembe," mzee akamwambia, sauti imelainika. Akasoma. "Soma tena. Umekurupuka."

Tangu hapo mzee alikuja kila Jumamosi. Yeye aliketi kwenye kigoda akiuliza na kukosoa, Mama Dira akapima mtaa kona kwa kona, binti yake akishika mnyororo huku akinung'unika. Mwisho wa mwaka ramani ikatundikwa ukutani, ya kwanza aliyoichora kwa tarakimu alizozisoma mwenyewe. Kiwanja cha jirani kimetokea kidogo kuliko alivyokuwa akijisifu, na mpaka leo jirani amenuna.