Muuzaji Aliyesoma Mgongo wa Chupa

Juzi nilipita Kariakoo, upande wa Msimbazi, nikakuta duka la vyakula nililolizoea limefungwa. Karatasi mlangoni ilieleza kwamba mwenye duka amefariki, ameshaagwa kwa taratibu za Kihindu, na familia inawashukuru wateja. Nimeumia, wala sioni haya kulisema. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana, yeye alikaa nyuma ya kaunta, mimi mbele yake, na kati yetu miaka mingi ya "shikamoo mzee" na "marahaba, leo unataka nini?" Alikuwa na ugonjwa mmoja, kuwapotezea wateja muda. Ukimwomba kitu cha chupa au kopo, hakupi kwanza. Anavaa miwani, anakigeuza, anasoma yale maandishi ya nyuma, madogo kama mayai ya chawa. Wenye haraka walimsonya wakaenda duka la jirani. Mimi nami nilimcheka, mpaka siku ya sosi ya saladi.

Mke wangu ana ugonjwa wa sukari. Wakati huo alikuwa ameacha soda, ameacha maandazi, chai anakunywa bila sukari. Mimi, mume mwema, nikamnunulia kutoka supamaketi sosi ya saladi iliyoandikwa mbele kwa herufi nene kwamba haina mafuta. Sisi adui tunayemjua ni mafuta. Kisichochuruzika mafuta tunakiona dawa. Kachumbari yake, iliyokuwa ikitosheka na ndimu na chumvi kidogo, ikawa inaogelea mchana na jioni. Sukari ikapanda. Asubuhi moja kipimo kilipotoa namba mbaya nikamwambia, "Wewe unakula vitu huko nje, sema tu." Akalia. "Haki ya Mungu sijala kitu," akasema, na mimi sikumwamini. Nilikuwa naogopa kumpoteza, na hofu ile ikanitoka mdomoni ikiwa tuhuma.

Chupa ilipokwisha nikaenda kutafuta nyingine kwa mzee. Akaitoa rafuni, asinipe.

"Ya nani hii?"

"Ya mama watoto. Ana sukari."

"Wewe mwandishi, kusoma unajua?"

"Mzee, acha utani."

"Basi soma. Wanaanza na kilicho kingi."

Nikasoma: maji, sukari, shira ya mahindi, ndipo siki. Nikarudia, nikidhani nimeruka mstari.

"Mafuta wametoa," akasema. "Sasa siki tupu nani atakula? Wakatia sukari."

"Mbona na wewe unaiuza?"

"Nauza kwa anayejua anachonunua. Wewe nenda kanunue ndimu. Na kijiko cha mafuta ya alizeti hakitamuua."

Akairudisha rafuni, akamgeukia mteja mwingine. Siku hiyo hiyo nilimwomba mke wangu radhi. Sidai kwamba chupa ndiyo ilikuwa mchawi pekee, wala sukari haikushuka kwa siku moja, lakini tulipoiacha ilianza kutulia.

Maduka ya kaunta yanapungua mjini. Tunajichukulia wenyewe rafuni, tunalipa, tunaondoka, na hakuna anayekuuliza unamnunulia nani. Tunaona ni uhuru, na kweli ni uhuru, ila umetuachia kazi ambayo zamani mtu mwingine alitusaidia kuifanya. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na siku hizi kibaya hujitembeza kikiwa kimevaa picha ya majani mabichi. Mzee aliwapoteza wateja kwa kusoma, akaendelea kusoma.

Kusoma nyuma ya chupa nilijifunza kwa dakika tano. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba niliyaamini maneno ya chupa niliyoifahamu kwa wiki tatu, nikayakataa ya mwanamke niliyeishi naye miaka ishirini na minane. Ndugu msomaji, kabla hujamtuhumu anayekula mezani kwako, kagua kwanza ulichomwekea wewe mwenyewe.