Saa Sita ya Siku Gani

Mimi Kheri ndiye niliyeshika ile mashine, kwa hiyo nitakayoyasema hapa nayasema nikijua lawama inaanzia kwangu. Lakini anayestahili kusimuliwa ni Bi Mwanahalima Shamte wa Chole, mvuvi wa pweza, ambaye kwa miaka ishirini na saba hakuna mtu aliyewahi kufunua ndoo yake akanusa.

Ng'ambo ya Chole, huku Utende, hatua chache kutoka gati letu la mashua, kuna kibanda cha Azan, mnunuzi wa pweza, na masanduku yake ya barafu. Kila mwanamke anayeleta pweza, Azan humfunulia ndoo, huinama, hunusa, huvuta ngozi kwa vidole aone kama imeanza kuchunuka. Bi Mwanahalima hakufanyiwa hivyo. Akitua ndoo yake, Azan huichukua moja kwa moja hadi kwenye barafu huku wakiulizana habari za nyumbani. Baba yake Azan naye alikuwa akifanya vivyo hivyo. Wanawake wenzake Bi Mwanahalima walimtania kwamba ndoo yake ina hati ya kusafiria. Alikuwa akicheka, lakini jina lile alilitunza kuliko alivyoitunza nyumba yake, na nyumba yake ni safi.

Mumewe alipofariki alimwachia watoto wanne. Mama yake alikuwa amekwisha kumwachia chuma cha kupigia pweza, pamoja na mashimo. Mashimo ya kule mwambani anayajua kwa majina: Kwa Bibi, Mlango Mdogo, Hapachoki. Mengine kayapa majina mwenyewe. Pweza mdogo humwacha akue. Ndoo ikimtosha hutoka, hata kama wenzake bado wameinama, kwa sababu anajua jua linafanya nini. Huingia mwambani maji yakipwa, hutoka maji yakiingia, na mkononi hajapata kuvaa saa.

Msongamano gatini ulikuwepo, siukatai. Gati ni fupi na ngazi ni moja. Siku za bamvua, maji yanapotoka mbali, mashua haziwezi kufika ngazini, hivyo zote hungoja nje. Maji yakirudi zinakuja kwa mpigo: wenye pweza, wenye magunia ya mwani, wagonjwa kutoka kisiwa cha Juani, walimu, na boti za wageni wa hoteli. Watu walikuwa wakisukumana pale hadi magunia yanatumbukia, na Bi Kidawa aliwahi kuvunjika mkono. Hakuna aliyeitisha mkutano kwa ajili ya mkono wa Bi Kidawa. Mkutano uliitishwa wiki ile wageni wanne walipokaa juani nusu saa wakaandika malalamiko.

Mwenyekiti wa kamati yetu ya gati, Bwana Ghalib, akamleta mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Alikuwa kijana mpole, mwenye adabu zake, na hilo linanikera zaidi, maana mtu mkorofi ningembishia. Alituonyesha picha ukutani: barabara za njia nane, magari yamebanana mpaka upeo wa macho. Akaeleza kwamba huko nje, saa ambazo kila mtu anataka kupita, tozo ya barabara inapandishwa. Saa za utulivu inashushwa. Asiye na haraka hungoja, mwenye haraka hulipa, na barabara inapumua.

Nilimwelewa, na hata leo sisemi ni jambo la kijinga. Mwenye gari anaweza kumwambia mkubwa wake wa kazi kwamba kesho atafika saa nne. Lakini sisi huku magari mawili yakikutana madereva huzima injini wakaamkiana. Barabara yetu yenye foleni ni maji, na maji hayana mkubwa wa kazi wa kuombwa ruhusa.

Wazee wakiwa wamekaa, mtaalamu akanigeukia mimi, katibu.

"Watu wanajaa gatini saa ngapi?"

"Maji yakiingia," nikasema.

"Na maji yanaingia saa ngapi?"

"Saa sita."

Akaandika. Akanishukuru kwa jina langu mbele ya watu wote, nami nikakaa nikiwa nimefurahi sana.

Haukupita mwezi, bango likasimamishwa: SAA SITA HADI SAA NANE MCHANA, MUDA WA MSONGAMANO, TOZO MARA TATU. Nikakabidhiwa mashine ya tiketi. Ikifika saa sita bei inapanda yenyewe, hata uibembeleze vipi haishuki. Zamani mtu wa pweza alikuwa anapita kwanza, anauza kwa Azan, halafu analipa tozo ya gati akirudi. Nani anakwenda mwambani na noti kiunoni? Lakini mashine haikufundishwa desturi hiyo, na mimi niliyeijua sikumwambia mtu.

Bamvua ya kwanza baada ya bango, Bi Mwanahalima alipanda ngazi saa sita na robo, ndoo kichwani, kanga imelowa mpaka magotini. Mtaalamu alikuwa amerudi kuangalia kazi yake, amesimama nyuma yangu na daftari.

"Shikamoo, Bi Mwanahalima."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umefunga njia?"

Nikamweleza. Akafungua pindo la kanga, akatoa sarafu za tozo ya kawaida, ndizo pekee alizokuwa nazo.

"Sasa hivi ni mara tatu," nikasema. "Ukingoja saa nane inarudi hii hii."

"Na pweza watangoja?"

"Si mimi, Bi Mwanahalima. Ni mashine."

"Mashine imejuaje kwamba nakuja saa hizi?"

Nikainamia mashine. Mfukoni nilikuwa na fedha za kutosha kumlipia yeye na waliomfuata. Sikuzitoa. Niliona haya kwa yule mtu wa daftari, nisionekane sielewi mpango. Najichukia kwa hilo mpaka leo, na sioni sababu ya kuacha.

Akarudi ukingoni mwa gati, akaketi. Pale hapana kivuli. Akavua mtandio akaufunika juu ya ndoo, akawa anashuka ngazi kuchota maji, anaumwagia, anapanda, anashuka tena. Mwanamke wa miaka hamsini na tisa ambaye ametoka kuinama mwambani saa tatu nzima. Mtaalamu akanigusa bega.

"Unaona, Bwana Kheri? Amebadilisha muda wake. Ndicho tunachokitaka."

Nilitamani kumsukuma majini na viatu vyake. Nikatabasamu.

Saa nane mashine ikashusha bei. Bi Mwanahalima akalipa, akapita, akaenda kibandani. Wanawake wengine walikuwa wamejaa pale, waliolipa mara tatu kwa kukopeshana na waliolipiwa na waume zao. Azan akapokea ndoo kama kawaida, akapiga hatua mbili kuelekea kwenye barafu, kisha akasimama. Harufu ilikuwa imemfikia. Akaitua chini, akafunua, akavuta ngozi ya pweza wa juu. Ikamfuata vidoleni.

"Bi Mwanahalima," akasema kwa sauti ndogo, "nisamehe. Hawa leo siwezi kuwachukua."

Kila mtu alisikia. Hakubisha. Akafunika ndoo, akaibeba, akarudi gatini, akawamwaga pweza wote baharini mbele ya macho yangu. Kisha akaja akasimama karibu nami.

"Kheri, wanasema saa hizi wewe ndiye uliyewapa."

"Aliniuliza maji yanaingia saa ngapi. Nikamwambia saa sita."

"Saa sita ya siku gani?"

Ndipo nikaelewa. Kwetu anayeuliza maji yanaingia saa ngapi anauliza ya leo, hakuna ya siku nyingine. Siku ile ya mkutano yaliingia saa sita. Kesho yake yaliingia karibu na saa saba, keshokutwa yakasogea tena, na baada ya wiki, maji mafu, yale yasiyotoka mbali, yalipofika, saa sita mchana gatini palikuwa na kunguru tu. Hata watoto wa chekechea wanalijua hilo. Mimi nilimjibu yule mtu kama ninavyomjibu jirani aliyepita na nyavu zake, yeye akaliandika jibu langu kuwa sheria. Na kwa kuwa siku za bamvua wanawake wa pweza hurudi mchana, hawachelewi hawawahi, ile sheria iliwakalia wao shingoni, mwezi baada ya mwezi.

Nilikwenda kwa Bwana Ghalib jioni ile ile. Akanisikiliza akiwa anakula halua, hakuniambia karibu.

"Watu wamepungua gatini au hawakupungua?"

"Wamepungua."

"Basi unataka nini tena?"

Nikampigia simu mtaalamu. Yeye alinisikiliza vizuri zaidi. Akasema niandike ratiba ya maji ya mwaka mzima nimtumie, wataiingiza kwenye awamu ya pili. Niliiandika, nikaituma. Awamu ya pili sijaiona.

Bi Mwanahalima hakungoja awamu. Kesho yake mashua ilipokaribia gati, alimwomba nahodha asimame, akashuka majini. Maji yalimfika kifuani. Akaweka ndoo kichwani, akazunguka mikoko, akatokea nyuma ya kibanda cha Azan bila kupita kwangu. Keshokutwa walikuwa sita. Kufikia bamvua iliyofuata, wanawake wote wa pweza na nusu ya wenye mwani walikuwa wanashukia majini, wengine wamebeba watoto, na Bi Kidawa na mkono wake ule. Mimi nimesimama na mashine yangu kwenye gati kavu, nawatazama. Wageni wa hoteli walipanda ngazi kwa nafasi zao, wakanipungia mkono.

Kisha ikaja ripoti. Bwana Ghalib aliisoma mwenyewe: msongamano katika muda uliolengwa umepungua kwa zaidi ya nusu. Watu wakapiga makofi. Mimi niliandika makofi hayo kwenye muhtasari, maana ndiyo kazi ya katibu. Wanawake waliozama mpaka kifuani hawakuhesabiwa, kwa sababu aliyepita majini hakupita gatini. Nilisimama nikayasema yote mbele ya kikao, na safari hii sikutabasamu. Bwana Ghalib akaniambia hilo halimo kwenye ajenda.

Hatimaye tozo ile ya mara tatu haikuondolewa na mtu yeyote mwenye akili. Iliondolewa na chumvi. Baada ya miezi minne mashine ilioza vitufe, ikapelekwa Dar es Salaam kutengenezwa, haikurudi, na bango likang'olewa na mtu aliyehitaji mbao. Watu wakarudi kupita gatini na kulipa wakirudi, wanasukumana kama zamani. Nilifurahi kama mtoto. Nilidhani kila kitu kimerudi mahali pake.

Siku ya kwanza ya bamvua nilimpokea Bi Mwanahalima ngazini, nikamwomba ndoo nimbebee. Aliniachia. Pweza walikuwa wabichi, bado wanabadilika rangi. Nikaitua mbele ya Azan, wakaulizana habari za nyumbani, watoto hawajambo, mvua haijambo. Na huku akizungumza hivyo hivyo, Azan akafunua mfuniko, akainama, akanusa. Akavuta ngozi kwa vidole viwili. Bi Mwanahalima aligeuka akatazama upande wa maji mpaka alipomaliza.

"Wazuri," akasema Azan.

Kwa miaka ishirini na saba hakuna aliyewahi kuhitaji kumwambia hivyo.