Majani ya Migomba Juu ya Gari la Babu

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ile Babu alivyolipapasa gari lake kuanzia taa za mbele mpaka ekzosi, kama mtu anayemuaga ng'ombe. Nakuita mwanangu ingawa nipo kidato cha tatu na ndevu zangu pia ni tatu. Vumilia tu. Aibu niliyoipata imenizeesha, kwa hiyo kukushauri nina haki.

Babu alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, na shangazi alimwita Mwanza akafanyiwe upasuaji, akae huko mpaka apone. Gari lake dogo jeupe, lililowabeba wagonjwa wa kijiji chetu cha Keza miaka na miaka kuwapeleka hospitali, lingebaki uani msimu mzima wa mvua. Banda la gari hatuna. Hata la mbuzi limejaa.

"Lioshe, uliache likauke kabisa," aliniambia. "Toa waya wa betri. Jaza upepo, kisha liinue kwa jeki ulikalishe kwenye magogo, tairi zisikae kwenye tope. Breki ya mkono usiivute, itaganda. Ekzosi izibe kwa kitambaa, panya wasiingie. Ndani isibaki hata punje ya chakula. Halafu simika nguzo, utandaze turubai juu. Lisiguse gari, upepo upite."

"Babu, kwani gari linalala au linazikwa?"

"Wewe, Mungu alikupa mdomo akasahau kukufungia breki," alisema, akacheka sana. Kisha akaniwekea ufunguo mkononi. Baba mdogo alikuwa amesimama palepale, mtu mzima mwenye leseni, lakini ufunguo nilipewa mimi.

Kuosha niliosha. Betri, upepo, magogo, kitambaa, vyote nilifanya. Nilishindwa kwenye nguzo. Kupata nguzo kulitaka nishuke bondeni kwenye mikaratusi, nikate, nipande nazo kilima begani. Na siku hiyo Bibi alikuwa amekata ndizi za kutengenezea pombe, uani kumejaa majani mabichi na vipande vya migomba. Unajua tunavyozifukia ndizi shimoni ziive, tukazifunika majani? Basi na mimi nikalifunika gari hivyohivyo. Majani juu ya majani, na vipande vya migomba juu yake ili upepo usipeperushe. Nikajiona mhandisi.

"Babu yako alisema turubai," Bibi alisema.

"Turubai limetoboka, Bibi."

Halikuwa na hata tundu la sindano.

"Haya. Ukimaliza kuivisha gari, kachunge mbuzi."

Mvua zikaanza. Jioni nikitoka shule, mimi na rafiki yangu Jofrey tulikuwa tunapenya chini ya majani, tunaingia ndani ya gari na karanga zetu za kukaanga. Nashika usukani, napaza sauti: "Ngara mjini, Ngara mjini! Mama mwenye kuku, kuku akae nyuma!" Jofrey anajifanya kuku. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na maganda tukayaangusha chini ya viti. Nisikudanganye, ilikuwa raha.

Halafu Babu akapiga simu. "Naona!" alipiga kelele mpaka Bibi akaiondoa simu sikioni. "Jicho la kulia limefunguka, naona mpaka sisimizi! Nakuja kuliona gari langu."

Nilikimbia kwenda kuondoa majani. Mwanangu, kila mtoto wa huku anajua kwamba shati likipata utomvu wa mgomba ndiyo basi tena, halirudi. Mimi nilijua hayo kwa shati. Kwa gari sikuwaza kabisa. Gari jeupe lilikuwa na michirizi myeusi kutoka juu mpaka milangoni, kama limelia machozi ya lami. Nilifungua mlango, nikakuta panya wamezaa kwenye kiti cha nyuma, palepale walipokuwa wanalazwa wagonjwa. Nikasugua kwa sabuni, kwa majivu, hadi kwa dawa ya meno. Michirizi ikabaki, na mimi nikanukia mnanaa.

Babu alifika kwa bodaboda, majirani wamejaa uani. Akamtazama Bibi kwa muda. "Kumbe umezeeka hivi, na mimi najisifu nina binti ndani?" Watu wakaangua kicheko. Akanigeukia. "Na wewe, kifungo cha pili cha shati lako kiko wapi?"

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Tuone gari."

Akaweka kiganja kwenye boneti. Kidole chake kikafuata mchirizi mmoja kutoka kwenye kioo, kikapinda pale ulipopinda, kikashuka nao mpaka kwenye taa.

"Umelionaje, mzee?" jirani mmoja akauliza.

Babu aliondoa mkono taratibu. "Mh. Jicho bado geni hili. Naona weupe tu. Twendeni tukale."

Jicho lililoona kwamba kifungo changu hakipo! Wote walijua, na wote wakaenda kula. Mimi nilibaki pale natamani anichape.

Baadaye akanifuata bandani kwa mbuzi. Hakufoka. "Kazi ile nilikupa wewe kwa sababu nilikuwa sioni," alisema. "Ningekuwa naona, ningeifanya mwenyewe." Akaondoka.

Lilikuwa limebaki jicho la kushoto. Wiki hii amerudi Mwanza. Kabla ya kuondoka aliniwekea ufunguo mkononi. Nikashuka bondeni nikakata nguzo, bega likachubuka. Sasa gari limekaa kwenye magogo yake, turubai liko juu bila kuligusa, ndani nimefagia mpaka chini ya viti. Michirizi ipo. Jofrey analiita pundamilia. Mimi sicheki.

Basi sikia, mwanangu. Gari litakalokaa nje muda mrefu, lioshe, likaushe, liinue, liache lipate hewa, na karanga zako kazilie mbali. Usilifunike kwa kilicho karibu, lifunike kwa kile ulichoambiwa. Na mtu asiyeona akikukabidhi kitu chake, kitunze kama vile amesimama nyuma yako na macho yote mawili. Utani fanya, hata mimi sijaacha, ila usimtanie mtu aliyekuamini.

Mungu akupe babu wa kukuachia ufunguo. Akupe na bega la kubebea nguzo, na siku atakaporudi akitazama, uweze kusimama karibu na gari bila kuinamisha kichwa.